Risasi za .22 za bei nafuu zinapogoma: mwongozo kamili wa kupima uwanjani

Ukinunua boksi kubwa la risasi za .22 Long Rifle kwa bei ya chini, chache kati yake hazitawaka. Hilo lijulikane mapema. Zinazosumbua zaidi ni zile zinazogoma kwa sababu ambazo hazitokani na risasi kabisa: chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) imeota masizi, magazini (kisanduku cha kulishia risasi) imechoka, pini inagonga kwa unyonge. Mpigaji asiyejua kutofautisha hubadilisha chapa ya risasi, hali inabaki ile ile, hununua chapa ghali zaidi, halafu anaanza kubadilisha springi za bunduki nzima. Njia iliyo hapa chini inaanza na usalama, inafuata kusoma alama kwenye ganda, kisha inakwenda kwenye jaribio lenye hesabu. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Bunduki ya mfano ni Ruger 10/22, inayojipakia yenyewe, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1964 na ambayo utaikuta karibu kila uwanja wa shabaha wa huko na wa Kanada. Mambo mengi ni yale yale kwa Marlin Model 60 na kwa bunduki za bolti ya mkono (bolti ni kipande kinachofunga chemba kwa nyuma), panapotofautiana tumesema. Mwanachama wa klabu ya shabaha Kenya au Tanzania, ambako ununuzi wa risasi umefungwa kwenye leseni, hawezi kununua chapa nne tano za kujaribia tu. Kwake, sehemu ya kuchunguza bunduki kwanza ndiyo itakayomwokolea fedha.

Kwa nini .22 hugoma kuliko risasi nyingine

Risasi kubwa za bunduki zina fataki katikati ya kitako: kikopo kidogo kilichotengenezwa peke yake, kikakaguliwa, kikapachikwa. .22 haina kikopo hicho. Dawa ya kuwasha hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi kama uji mzito, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae na kuingia ndani ya mkunjo wa ukingo, pande zote. Ikikauka ndipo baruti inatiwa na kichwa kinapachikwa. Pini ya bunduki hubana ukingo huo dhidi ya ukuta wa chemba, dawa inapondeka na kuwaka.

Ikitokea dawa haikufika sehemu fulani ya ukingo, pini ikigonga hapo hapo, hakuna kitu. Risasi hiyo hiyo ikigeuzwa nusu mzunguko inaweza kuwaka vizuri. Risasi za mashindano hutengenezwa polepole na kukaguliwa zaidi. Risasi za mafungu hutoka kwa wingi mkubwa na kumiminwa ovyo kwenye maboksi ya 325, 500 au 555. Humo zinagongana safari nzima. Ganda la .22 ni jembamba sana, na kichwa chake kimeshikwa na mbinyo mwepesi tu, kwa hiyo kugongana huko kunatosha kulegeza vichwa, kupinda vingine na kukwangua nta iliyopakwa juu yake.

Tatizo la tatu ni baruti. Chaji yenyewe ni kidogo mno, takriban gramu 0.1 au pungufu. Kwenye kiasi kidogo namna hiyo, kasoro ya chembe chache inasikika: bolti hairudi hadi mwisho, au risasi inashuka chini ya shabaha.

Bunduki ikikataa: kwanza haya

Ukibonyeza kifyatulio na usisikie mlio wa kawaida, usikoki upya kwa mazoea. Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea, na mawili kati yake ni ya hatari.

Likiwa ni "kliki" tupu, huenda risasi haikuwaka kabisa, au inachelewa kuwaka. Acha mdomo wa mtutu ukielekea kwenye shabaha, toa kidole kwenye kifyatulio, hesabu sekunde 30 kamili. Baadhi ya viwanja vinadai 60. Fuata sheria ya uwanja uliopo. Kuchelewa kuwaka kwa .22 ni nadra, na kukitokea mara nyingi huwa ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini ganda jembamba likilipuka nje ya chemba hupasuka na kurusha vipande usoni, kwa hiyo muda huo usiupunguze. Ukishatimia, toa magazini, kisha vuta bolti uso wako ukiwa mbali na tundu la kutolea maganda. Miwani ya usalama haivuliwi wakati wowote.

Likiwa ni "pof" hafifu, mlio mdogo kuliko kawaida, moshi unatoka kwenye tundu la maganda badala ya mdomo wa mtutu, au karatasi haikupata tundu: simama hapo hapo. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu utavimba au kupasuka. Kwenye 10/22 mara nyingi bolti hairudi ikitokea hivyo, na hilo humlinda mpigaji bila yeye kujua. Kwenye bunduki ya bolti ya mkono hakuna kinachokuzuia ila masikio yako mwenyewe, na ukiwa umevaa vizibo huku jirani anapiga bunduki kubwa, ni rahisi kupitwa. Ndiyo sababu tunasisitiza ukague tundu kwenye karatasi kila unapojaribu chapa ngeni, angalau kwa risasi 50 za mwanzo.

Kukagua mtutu kwa ufito

Andaa kabla hujaenda uwanjani. Bunduki ikiwa tupu, bolti ikiwa imefungwa, ingiza ufito wa kusafishia kutoka mdomo wa mtutu hadi uguse uso wa bolti. Zungushia ufito utepe mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Mtutu wa 10/22 ya kawaida una sentimita 47, kwa hiyo utepe utakaa karibu na hapo. Sasa una kipimo. Siku ukisikia "pof", toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, funga bolti, ingiza ufito taratibu. Utepe ukifika mahali pake, mtutu uko wazi. Ukibaki nje hata kwa sentimita moja, kuna kitu ndani.

Kichwa cha .22 kikisukumwa na dawa ya kuwasha pekee, bila baruti, husafiri sentimita chache tu na kukaa karibu na chemba. Kwa hiyo njia fupi ya kukitoa ni kukirudisha kule kilikotoka:

1. Fungua bolti na uizuie isirudi. Kwenye 10/22 kuna kizuizi mbele ya kifyatulio.
2. Dondoshea matone mawili matatu ya mafuta mepesi kutoka mdomo wa mtutu, acha dakika 15.
3. Tumia ufito wa shaba nyeupe wa unene wa milimita 5 hivi, ulionyooka, usio na ncha kali. Mbao usitumie: hupasuka kwa mshazari na kujikaza kando ya kichwa, nawe utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.
4. Gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi yanayofuatana. Kichwa cha madini laini (ledi) husogea bila nguvu kubwa. Kikikataa, mpelekee fundi wa bunduki.
5. Pitisha kitambaa kikavu utoe mafuta, kisha tazama ndani ya mtutu kwa taa kutoka upande wa pili. Ukiona pete nyeusi au kivuli cha duara kinachozunguka ukuta, mtutu umevimba. Hiyo inaonyesha kwamba kuna risasi iliyofuata nyuma ya iliyokwama. Usiutumie tena.

Kamwe usijaribu kukisukuma kichwa kilichokwama kwa kupiga risasi nyingine, hata iliyotolewa kichwa.

Soma alama kwenye ukingo

Risasi iliyogoma inabeba ushahidi wake. Usiitupe kwenye sanduku la risasi mbovu kabla hujaitazama. Chukua ganda moja lililowaka vizuri kutoka bunduki hiyo hiyo, liweke kando ya risasi iliyogoma, zigeuze kwenye mwanga mpaka kivuli kiingie ndani ya alama ya pini. Kioo cha kukuzia cha bei ndogo kinatosha. Alama nzuri ya 10/22 ni kijidimbwi chenye pembe zilizo wazi, kilichozama ndani ya ukingo na kukatisha mpaka pembeni kabisa. Alama mbaya ni mkwaruzo: unaiona rangi imebadilika, lakini ukipitisha ukucha huhisi shimo.

Alama ikiwa ya kina sawa na ya ganda lililowaka, bunduki imefanya kazi yake. Kama uwanja unaruhusu na risasi haina kasoro nyingine, igeuze nusu mzunguko, ipakie tena, ijaribu mara moja tu. Ikiwaka, dawa haikusambaa vizuri. Ikikataa tena huku ina alama mbili za kina, ni mbovu kabisa. Isubiri muda ule ule, itoe, iingie sandukuni.

Alama ikiwa hafifu, usiilaumu risasi bado. Tazama maganda kumi yaliyowaka. Kama nayo yana alama hafifu, tatizo ni pini au springi ya nyundo: mara nyingi mfereji wa pini umejaa nta na masizi yaliyoganda, au pini imechakaa ncha. Kama maganda yaliyowaka yana alama nzuri na iliyogoma pekee ina alama hafifu, basi risasi hiyo haikukaa vizuri ndani ya chemba. Pini ilipogonga, nguvu iliishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuponda ukingo. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaipakia tena, inawaka, wanasema "risasi mbovu", kumbe pigo la kwanza ndilo lililoikalisha.

Kinachozuia risasi kukaa ni pete ya masizi na nta inayojengeka mbele ya chemba. Risasi zenye nta nyingi huijenga haraka. Dalili yake ni kwamba magazini tano za kwanza zinapita vizuri, halafu matatizo yanaanza na kuongezeka kadiri siku inavyosonga. Kifungu kibovu cha risasi (zilizotengenezwa pamoja kiwandani, zenye namba moja) hakifanyi hivyo. Hugoma tangu mwanzo, bila mpangilio.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Bunduki kadhaa za .22, hasa za zamani, zikifyatuliwa tupu, pini hugonga ukingo wa chemba na kuacha kijichongo cha chuma kinachoingia ndani. Risasi inakwaruzwa ikiingia na ganda linang'ang'ania likitoka. Kipitishie kijiti cha meno ukingoni mwa chemba; kikikwama sehemu moja, mwone fundi.

Jaribio lenyewe

Andaa risasi 120 za bei nafuu unazozishuku na risasi 50 za kulinganishia za chapa inayojulikana kwa uthabiti. CCI Mini-Mag yenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6 hivi) inafaa. Kasi yake ni takriban mita 376 kwa sekunde, nguvu ya kutosha kuendesha bolti yoyote iliyo nzima. Uwe na magazini mbili zilizoandikwa namba 1 na 2 kwa kalamu ya wino mzito, na daftari.

1. Safisha chemba kwa brashi ya .22, uso wa bolti, na chini ya ndoano inayovuta ganda. Hapo chini ya ndoano tumia kijiti cha meno, kwa sababu brashi haifiki. Weka tone moja la mafuta kwenye kila upande bolti inapoteleza, si zaidi. Mafuta mengi yakichanganyika na chembe za baruti hugeuka tope.
2. Piga risasi 50 za kulinganishia: 20 kwa magazini 1, 20 kwa magazini 2, kumi za mwisho ukipakia moja moja. Kukiwa na tatizo hapa, acha jaribio. Bunduki au magazini ndiyo mgonjwa.
3. Piga 50 za bei nafuu kwa magazini 1, kisha 50 kwa magazini 2. Kila tatizo liandikwe papo hapo: namba ya magazini, risasi ya ngapi ndani ya magazini, aina ya tatizo. Usitegemee kumbukumbu.
4. Ukifika risasi 100, safisha chemba tena, kisha piga 20 zaidi. Matatizo yakitoweka, ulikuwa unapambana na uchafu.

Sasa hesabu. Watu hupiga boksi moja la 50, halikugoma, wakatangaza risasi ni nzuri. Takwimu hazikubali. Ukipiga 100 bila tatizo hata moja, bado kiwango halisi cha kugoma kinaweza kuwa karibu asilimia 3. Kanuni rahisi ni kugawa 3 kwa idadi uliyopiga. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango hakizidi asilimia 1, unahitaji 300 zisizo na kosa. Vivyo hivyo, chapa moja ikigoma mara moja katika 50 na nyingine mara mbili, hujajifunza chochote kuhusu tofauti yao. Tofauti ya kuangalia ni kama 1 kwa 8.

Ukilinganisha magazini, hesabu husema mapema zaidi. Kama matatizo sita kati ya saba yametoka magazini 2, na mengi ni ya risasi ya mwisho au ya kwanza, springi imechoka au mdomo wa magazini umepinda.

Aina za kukwama na zinachosema

Ganda lililosimama wima kwenye tundu likibanwa na bolti: bolti haikurudi kwa nguvu ya kutosha, au ndoano haikulishika ganda vizuri. Kwa risasi za kasi ya kawaida, zile za mita 325 hivi kwa sekunde, hii ni dalili ya kwanza ya chaji pungufu au bunduki iliyojaa mafuta mazito. Jaribu zile za kulinganishia: tatizo likiisha, bunduki yako inahitaji risasi zenye kasi zaidi au usafi zaidi. Kwenye baridi kali mafuta mazito huganda na kuleta dalili hiyo hiyo, jambo ambalo mpigaji aliyezoea joto la pwani hushangazwa nalo akifika Minnesota au Alberta mwezi wa kwanza.

Ganda lililobaki ndani ya chemba: masizi, au ndoano imechakaa au imeziba. Tazama ukingo wa ganda. Ukikuta ndoano imeumega kipande, ganda lilikuwa limeganda ndani. Ukiwa mzima bila mkwaruzo, ndoano haikulishika.

Risasi iliyogonga mdomo wa chemba na kupinda: kagua kichwa. Vichwa vya madini laini visivyopakwa shaba hukwaruzika upesi kuliko vilivyopakwa. Kama kila iliyopinda ilikuwa na kichwa kilicholegea, ni boksi. Kama zote zilitoka magazini moja, ni magazini. Risasi iliyopinda usiinyooshe kwa vidole na kuirudisha; baruti huenda imemwagika, na hapo ndipo "pof" huzaliwa.

Ganda lililopasuka ukingoni likatoa moshi kuelekea nyuma ni jambo zito. Likitokea mara moja, safisha na uendelee kwa tahadhari. Likitokea mara mbili katika kifungu kimoja, acha kifungu hicho chote. Likitokea kwa chapa mbili tofauti, bunduki inawasha kabla bolti haijafunga au nafasi ya ukingo kati ya bolti na chemba imezidi, na inapaswa kwenda kwa fundi kabla ya kupigwa tena.

Kuchambua boksi kabla ya kupiga

Mimina risasi kwenye sinia lenye kitambaa, 50 kwa mara. Viringisha kila moja kwenye kioo au meza bapa: iliyopinda hutikisika. Shika ganda, bonyeza kichwa kidogo kwa kidole gumba, kinachozunguka kimelegea. Toa zenye ukingo uliobonyea, zenye ganda lenye kunyanzi refu, na zenye urefu unaozidi milimita 25.4, ambao ndio mwisho wa kiwango cha SAAMI, taasisi ya watengenezaji ya Marekani. Kazi hii huondoa sehemu kubwa ya matatizo ya kukwama. Haiondoi dawa isiyosambaa, kwa sababu haionekani kwa nje.

Kupima uzito hakusaidii kugundua risasi isiyo na baruti. Risasi nzima ina gramu 3.3 hivi, na tofauti ya kawaida ya uzito wa kichwa na ganda hufunika ule upungufu.

Nta iliyochakaa usijaribu kuirudisha kwa kupulizia mafuta ya kopo. .22 haijazibwa kama risasi za jeshi, na mafuta ya kupenya huingia kati ya kichwa na ganda hadi kwenye dawa. Vilevile usihifadhi risasi ndani ya gari linalopigwa na jua: nta huyeyuka, hukusanya vumbi, na siku ya pili magazini inajaa mchanga laini. Sanduku la chuma lenye mpira wa kuzuia hewa, mahali pakavu penye joto lisilobadilikabadilika, linatosha.

Usahihi

Risasi za mafungu kutoa kundi la sentimita 4 hadi 6 kwa mita 50 ni kawaida. Usilinganishe na risasi za mashindano ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Ukibadilisha chapa, piga 20 za kwanza bila kuhesabu, kwa kuwa nta ya chapa ya awali bado imo ndani ya mtutu. Kundi likitawanyika wima kuliko mlalo, kasi haifanani: risasi iliyopungukiwa mita 30 kwa sekunde hushuka sentimita 2 hadi 3 zaidi kwa mita 50. Risasi inayogonga chini kabisa peke yake, yenye mlio mdogo kuliko wenzake, ichukulie kama onyo na ukague mtutu.

Risasi za maganda ya chuma

Wanaopiga AR-15 au bunduki za 7.62x39 (risasi ya AK-47) hukutana na unafuu wa aina nyingine: ganda la chuma lililopakwa polima au rangi ya laka. Mengi yalitoka Urusi, hadi Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuziingiza kuanzia Septemba 2021, na yaliyobaki madukani yamechanganyika na ya nchi nyingine.

Chuma hakitanuki na kurudi kama shaba nyeupe. Ganda la shaba hujaa chemba na kuziba gesi. La chuma huacha gesi ipite pembeni, na masizi yanaganda kwenye kuta za chemba. Ukipiga 200 za chuma kisha ukaingiza za shaba bila kusafisha, ganda la shaba linatanuka juu ya masizi hayo na kung'ang'ania. Watu husema laka imeyeyuka. Kisa cha kawaida zaidi ni masizi. Safisha chemba unapobadilisha kutoka chuma kwenda shaba, kwa brashi ya chemba yenyewe wala si ya mtutu.

Kujua kama risasi ina nguvu ya kuendesha AR-15, weka risasi moja tu ndani ya magazini, piga, uone kama bolti inabaki imefunguka nyuma. Rudia mara tano. Ikishindwa hata mara mbili, jaribu na chapa nyingine: ikipita zote tano, chaji ya ile ya kwanza ni ndogo kwa bunduki yako. Fataki za risasi hizi nyingi ni ngumu, kwa hiyo aliyebadilisha springi ya nyundo kwa nyepesi ili kifyatulio kiwe laini atapata "kliki" ambazo jirani yake hapati kwa boksi lile lile.

Beba sumaku. Ikishika ganda si tatizo kwa viwanja vingi, lakini ikishika kichwa inaonyesha kuna chuma chini ya shaba nyekundu, na viwanja vingi vya ndani huvikataa vichwa hivyo kwa kuwa hutoa cheche na kuharibu ukuta wa kuzuia risasi. Na kama unamiliki pia bunduki ya .300 Blackout, magazini zake zitenganishe kwa rangi: risasi yake inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, ile ya AR-15 nyingi, na ikifyatuliwa bunduki hupasuka.

Risasi za zamani za jeshi, kama 7.62x54R za Mosin-Nagant (bunduki ya kale ya Urusi) au 7.62x39 za Yugoslavia, huwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Zinawaka vizuri, lakini mtutu usiposafishwa siku hiyo hiyo huota kutu. Chumvi hutolewa na maji, ya moto ikiwezekana, ndipo mafuta yafuate. Mafuta peke yake hayaiyeyushi.

Zilizogoma zinakwenda wapi

Zisiingie kwenye takataka wala kwenye ndoo ya maganda matupu. Uwanja una sanduku lake la risasi mbovu, mwulize msimamizi. Usizivunje nyumbani, hasa .22, kwa kuwa kuubana ukingo kwa koleo ni sawa na kugonga kwa pini.

Ukiamua kulalamika kiwandani, tunza boksi. Namba ya kifungu imepigwa chapa kwenye mfuniko au ndani ya mkunjo, na bila hiyo malalamiko hayaendi mbali. Piga picha za alama za pini, andika idadi uliyopiga na zilizogoma, aina ya bunduki, na matokeo ya risasi za kulinganishia. Hayo ya mwisho ndiyo yanayoonyesha kwamba bunduki ni nzima. Usitume risasi kwa posta kwa hiari yako: posta ya Marekani inakataza risasi kabisa, na kiwanda kikizihitaji kitaeleza zisafirishwe vipi. Ukinunua tena, nunua boksi moja la kifungu kipya, lipite jaribio, halafu urudi dukani siku hiyo hiyo kuchukua mengine yenye namba ile ile.

Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kushika simu. Moshi wa dawa ya kuwasha ya .22 una madini ya risasi (ledi), na anayekagua maganda mengi kwa vidole hubeba zaidi ya mpigaji wa kawaida. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.